KUTEKA MAJI YA KUPIMWA
Kipimo cha kweli huanzia ukingoni mwa mto

Ng'ombe wanapokufa baada ya kunywa mtoni, au samaki wanapoelea matumbo juu, au meno ya watoto yanapogeuka rangi ya kahawia, watu wa mahali hapo husema neno moja: maji haya yapelekwe yakapimwe. Neno hilo ni jema. Walakini mara nyingi tendo linalofuata si jema. Mtu mmoja huokota chupa iliyokuwa na soda, huisuuza upesi, huteka maji pale pale ng'ombe walipokanyaga, kisha huiziba kwa gunzi la muhindi. Chupa hukaa siku tatu katika joto mpaka ipate gari la kuipeleka mjini. Mkemia huyapima maji, huandika hesabu, na watu huipokea hesabu ile kama hukumu. Kumbe hesabu ile ni ya soda, ya tope na ya joto la gari, wala si ya mto.

Yafaa jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Mkemia hupima maji yaliyomo ndani ya chupa. Hana njia ya kuyapima maji yaliyobaki mtoni. Mashine yake, hata ikiwa ya thamani kubwa namna gani, haiwezi kuondoa kosa lililofanywa na mtekaji. Kwa hiyo nusu ya kipimo hufanywa na mtu aliyesimama majini na chupa mkononi, naye aweza kuwa mwalimu, mganga wa zahanati, bwana afya, au mwanakamati wa maji wa kijiji.

Sampuli mbaya huleta hasara kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye sumu huitwa mazuri, na watoto huendelea kuyanywa. Pili, maji mazuri huitwa mabaya: kisima kilichochimbwa kwa michango ya watu hufungwa, akina mama hurudia safari ndefu ya mtoni, au mwenye kiwanda hushtakiwa kwa kosa lisilo lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Lakini haki hiyo ikifika mbele ya hakimu huhitaji ushahidi, na chupa iliyotekwa vibaya si ushahidi.

KIASI KIDOGO KUPITA MACHO

Sababu ya uangalifu huu wote ni kwamba sumu nyingi za majini hudhuru zikiwa kidogo sana. Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa kuwa kiwango kisichofaa kupitwa. Mikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni moja. Ndiyo kusema, gramu moja tu ya risasi yatosha kuyafikisha maji ya lita 100,000 katika kiwango hicho. Chembe ya rangi ya zamani iliyobambuka mlangoni, vumbi la barabara, kutu ya ndoo au majivu ya sigara, kikiingia kimoja katika chupa ndogo, chaweza kuigeuza hesabu yote.

Wataalamu wakubwa wenyewe walijifunza jambo hili kwa taabu. Clair Patterson wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1956 kwamba umri wa dunia ni miaka milioni 4,550 hivi, alisumbuliwa kwa miaka mingi na risasi iliyoingia katika vipimo vyake kutoka katika vumbi, vyombo na hata nguo za watu. Ilimlazimu kujitengenezea chumba cha kazi kisafi kupita kawaida. Baadaye yeye na wenzake waliyapima maji ya bahari kuu kwa usafi huo huo, wakaonyesha kwamba hesabu nyingi za risasi zilizotolewa kabla yao zilikuwa kubwa mno. Sehemu kubwa ya risasi ile haikutoka baharini hata kidogo. Ilitoka katika meli, vyombo na mikono ya watekaji. Ikiwa wataalamu wa bahari walipotea hivyo, sembuse mtu mwenye chupa ya kuokota?

SWALI KWANZA, CHUPA BAADAYE

Kabla ya kwenda mtoni hapana budi watu wajiulize wanataka kujua nini. Kusema "maji yapimwe" hakutoshi, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha kila kitu. Vijidudu hupimwa kwa njia moja, madini kwa njia nyingine, na dawa za kuulia wadudu kwa njia nyingine tena. Na kila njia ina chupa yake.

Mfano ulio karibu ni wa Bonde la Ufa. Katika sehemu za Nakuru na Naivasha maji ya visima vingi yana floridi nyingi, ambayo hutoka katika mawe ya volkeno chini ya ardhi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake yanapoundwa, meno hutoka na madoa ya kahawia. Na kiasi kikubwa kwa miaka mingi huweza kuharibu mifupa. Sasa tuseme watu wa mahali kama hapo wanaomba vijidudu tu vipimwe. Jibu laweza kuja kwamba maji ni safi, nao wakafurahi bure. Au laweza kuja kwamba yana vijidudu, nao wakayachemsha. Na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Swali lisilo sahihi huzaa jibu lisilofaa kitu.

Baada ya swali la nini, lafuata swali la wapi. Tuseme watu wanashuku kiwanda cha kumenya kahawa kilicho kando ya kijito. Maji yaliyooshea kahawa yakimwagwa mtoni, uchafu wake huoza na kula oksijeni ambayo samaki huihitaji. Chupa moja iliyotekwa chini ya kiwanda haithibitishi lolote, kwa kuwa huenda uchafu ulikwisha kuingia huko juu, mjini au mashambani. Yapasa kuteka mahali pasipopungua patatu: juu ya kiwanda, ambako maji yake hayajaingia, pale mfereji wake unapotoka, na chini yake, mahali ambapo maji ya mfereji na ya mto yamekwisha kuchanganyika vizuri. Hapo ndipo watu waweza kulinganisha.

Mito mirefu huonyesha jambo hilo waziwazi. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, na Athi ukiteremka kwenda pwani huitwa Galana, kisha Sabaki, hata uingie baharini kaskazini ya Malindi. Mtu akijaza chupa moja huko Malindi, ataweza kusema maji ya Malindi yalikuwaje siku ile. Hataweza kusema kwa chupa ile ni mji gani au shamba gani lililoyachafua.

Tena kuna swali la lini. Kiwanda cha kahawa hakifanyi kazi sawasawa mwaka mzima; anayeteka nje ya majira ya mavuno ataukuta mto umetulia. Mvua za kwanza baada ya kiangazi huoga mashamba na barabara, zikachukua mbolea, dawa na mafuta hadi mtoni. Uchafu mwingine humwagwa usiku. Chupa moja ni kama picha moja: huonyesha dakika ile tu. Kwa sababu hiyo watu wa kazi hii huteka mara nyingi, mvua na kiangazi. Na pengine huteka kila saa mchana na usiku, kisha huyachanganya maji hayo ili kupata wastani wa siku. Walakini maji ya kutafutia vijidudu au mafuta hayachanganywi hivyo. Kila chupa hupimwa peke yake.

CHUPA INAYOFAA

Njia njema ni kuomba chupa kutoka katika maabara yenyewe itakayopima. Maabara hujua chupa gani yafaa, na aghalabu huwa imekwisha kutia dawa inayohitajiwa.

Kwa madini kama risasi, hutumiwa chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi na kusuuzwa kwa maji yaliyosafishwa. Kwa floridi pia hutumiwa plastiki, kwa kuwa floridi huweza kushikamana na kioo. Kwa dawa za kuulia wadudu na kwa mafuta hutumiwa kioo, na aghalabu kioo cha rangi ya kahawia kinachozuia mwanga. Plastiki hunyonya baadhi ya dawa hizo, na tena huweza kutoa vitu vyake ndani ya maji. Kwa vijidudu, chupa lazima iwe imechemshwa kwa mvuke mpaka hakuna kiumbe hai ndani yake, na isifunguliwe ila wakati wa kuteka.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yana sharti lake. Klorini huendelea kuua vijidudu ndani ya chupa njiani, hata maji yaonekane safi kuliko yalivyokuwa bombani. Kwa hiyo chupa ya vijidudu hutiwa kwanza kiasi kidogo cha thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo huikomesha klorini mara moja. Mtekaji akiona unga au matone ndani ya chupa kutoka maabara, asiyamwage na asiisuuze chupa. Chupa za mafuta vilevile hazisuuzwi kwa maji ya mto, maana mafuta hushika kwenye kuta zake. Chupa za madini zisizo na dawa husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayotekwa.

NAMNA YA KUTEKA

Mtoni, mtekaji huvaa glavu safi na kuingia taratibu, akielekeza uso kule maji yanakotoka. Hungoja tope alilolitibua lichukuliwe na maji nyuma yake. Hushika chupa karibu na kitako, asiguse mdomo wake wala upande wa ndani wa kifuniko. Huizamisha mdomo ukielekea chini hata kina cha sentimita 20 au 30, kisha huugeuza mdomo uelekee mkondo. Hivyo hukwepa takataka zinazoelea juu na mchanga ulio chini. Asiteke ukingoni penye maji yaliyosimama, bali mahali ambapo mto wapita kwa nguvu. Akiwa na vituo kadhaa vilivyo karibu katika mto mmoja, aanze na kile cha chini na kupanda juu, ili tope la miguu yake lisimtangulie. Maji yakiwa ya kina kirefu au yana mamba na viboko, asiingie kabisa; atumie chombo kilichofungwa kwenye mti mrefu. Hakuna sampuli yenye thamani ya maisha ya mtu.

Katika kisima kilicho wazi, chupa hufungiwa uzito safi na kamba safi, kisha huteremshwa bila kugusa kuta wala kufika chini. Kisima chenye pampu hupigwa kwanza, kwa sababu maji yaliyolala ndani ya bomba si sawa na maji ya ardhini. Hupigwa mpaka maji mapya yatoke. Wenye vyombo hungoja mpaka joto la maji na uwezo wake wa kupitisha umeme vimeacha kubadilika.

Katika bomba la nyumbani, kwa kutafuta vijidudu, mpira huondolewa, mdomo wa bomba hufutwa, na maji huachwa yatoke kwa nguvu dakika mbili au tatu. Bomba la chuma huunguzwa kwa moto wa pamba iliyotiwa spiriti; la plastiki hufutwa kwa dawa. Kisha maji huachwa yatoke tena kidogo, na ndipo chupa hujazwa, ikiachwa nafasi ndogo ya hewa juu ili maabara waweze kuitikisa.

FUNZO LA FLINT

Lakini risasi haitafutwi hivyo. Risasi hutoka katika mabomba yenyewe na viungo vyake, maji yanapolala humo usiku. Anayetaka kujua mtu hunywa nini alfajiri hana budi kuteka maji ya kwanza kabisa, baada ya bomba kukaa kimya saa sita au zaidi. Akiyaacha yamwagike kwanza, amemwaga ushahidi.

Jambo hili lilionekana kwa msiba katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, huko Marekani. Mwezi wa Aprili 2014 mji ule uliacha maji yaliyotoka Detroit na kuanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji hayo hayakutiwa dawa ya kuzuia kuliwa kwa mabomba, nayo yakaanza kuyala na kubeba risasi. Wenyeji walilalamika juu ya rangi na harufu. Katika vipimo vya serikali, watu walikuwa wameagizwa wafungulie mabomba na kuyasafisha usiku uliotangulia siku ya kuteka. Desturi hiyo huipunguza risasi inayoonekana.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech, wakiongozwa na Marc Edwards, waliwapelekea wenyeji chupa pamoja na maelezo yaliyo wazi. Kila nyumba iliombwa ijaze chupa tatu: ya maji ya kwanza baada ya bomba kulala, ya pili baada ya sekunde 45, na ya tatu baada ya dakika mbili. Zaidi ya nyumba 250 zilirudisha chupa zao, na risasi nyingi ikaonekana katika maji ya nyumba nyingi. Mwezi wa Oktoba 2015 mji ulirudia maji ya Detroit. Yafaa msomaji aangalie kwamba waliojaza chupa zile hawakuwa wakemia. Walikuwa wazazi na wazee majumbani mwao, ambao walipewa chupa safi, wakaelezwa cha kufanya, nao wakakifanya sawasawa.

SAFARI YA KWENDA MAABARA

Maji ndani ya chupa hayalali. Vijidudu huzaana au hufa, madini hushika kwenye kuta za chupa, na oksijeni huongezeka au hupungua. Kwa hiyo joto la maji, uchachu wake na oksijeni hupimwa pale pale mtoni. Chupa za madini hutiwa asidi ya nitriki kidogo ili madini yasishike kwenye kuta. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho, na kazi hiyo ni ya mtu aliyefunzwa. Nyingi za chupa nyingine huwekwa katika sanduku lenye barafu, gizani, zipoe bila kuganda. Sampuli za vijidudu zafaa kuanza kupimwa katika muda wa saa sita, wala zisipite saa 24. Basi mtu apange safari kwanza: asiteke Ijumaa jioni ikiwa maabara hufunguliwa Jumatatu.

CHUPA ZA USHUHUDA

Mtekaji hodari hujipima mwenyewe pia. Huchukua chupa moja ya maji yaliyosafishwa kutoka maabara, huifungua mtoni, huyamimina maji hayo katika chupa nyingine kama hizo anazotumia, na kuirudisha pamoja na zile nyingine. Maji hayo yakionekana na risasi, imejulikana kwamba risasi imetoka kwa mtekaji, chupa au safari. Tuseme chupa ya mto ina mikrogramu 12, na chupa hii ya ushuhuda ina 8. Hapo hakuna anayeweza kusema mto umepita kiwango cha 10. Lazima kazi irudiwe. Mtekaji huyo pia hujaza chupa mbili mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hesabu zake zikipishana mno, kuna kosa mahali fulani.

Mwisho ni maandishi. Kila chupa huandikwa papo hapo, kwa wino usiofutika, namba yake, mahali, tarehe, saa na jina la mtekaji. Katika daftari huongezwa hali ya mvua, rangi na harufu ya maji, na mambo yaliyoonekana karibu. Kila anayeipokea chupa njiani hutia sahihi. Wakili wa upande wa pili atauliza kwanza: chupa hii ilikuwa mikononi mwa nani usiku ule? Kama hakuna jibu, kesi imekwisha hata kabla mkemia hajasema neno.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Amua kwanza unatafuta nini, wapi na lini.
2. Omba chupa na maagizo kutoka maabara; usitumie chupa ya kuokota.
3. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko.
4. Kwa vijidudu, acha maji ya bomba yatoke kwanza. Kwa risasi, teka maji ya kwanza.
5. Weka chupa katika baridi na giza, uzifikishe upesi.
6. Chukua chupa ya ushuhuda, na chupa mbili za mahali pamoja.
7. Andika kila kitu pale pale, usitegemee kumbukumbu.

Kazi hii haitaki nguvu wala elimu ya chuo kikuu. Yataka mikono safi, saa, kalamu, na moyo usiopenda kukisia. Kijiji kilicho na watu wawili au watatu waliojifunza kuiteka sampuli ipasavyo hakitaishia kunung'unika juu ya mto wake. Kitasimama mbele ya mwenye kiwanda, mbele ya maofisa na mbele ya mahakama, kikiwa na hesabu ambayo hakuna atakayeweza kuikana.